Kadi Mpya ya Michoro Kwenye Kompyuta ya Zamani: Dalili, Chanzo na Tiba

Sloti ndefu iliyo karibu na prosesa kwenye kompyuta ya mezani ya 2005 ina umbo lile lile na sloti ya kompyuta ya 2025. Ndiyo maana watu wengi hununua kwa kutazama umbo tu. Kadi inaingia vizuri, kibanio kinajifunga, halafu skrini inabaki nyeusi. Au picha inakuja, lakini mchezo unakwenda kwa kusuasua. Yaliyobadilika hayaonekani kwa macho: toleo la PCI Express (kiwango cha sloti hiyo ndefu), idadi ya njia za data, umeme ambao kadi inataka, programu ya ndani ya ubao mama (BIOS) inayoiamsha kadi, na aina ya mawimbi ya picha yanayotoka kwenye matundu ya nyuma.

Mifano mingi hapa ni ya kompyuta za ofisi zinazouzwa kama mtumba Dar es Salaam na Nairobi: Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP Compaq Elite 8300, HP EliteDesk 800 G1. (OptiPlex 7010 inayozungumzwa ni ile ya 2012. Dell walilirudia jina hilo 2023 kwa mashine tofauti kabisa, basi soma mwaka kabla ya kununua kipuri.)

Kabla ya kugusa chochote, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki kwenye ubao uishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika kadi. Ishike kwa kingo zake, usiguse meno ya dhahabu.

Dalili: kadi haiingii kwenye sloti

Chanzo kinachoripotiwa zaidi ni kibanio cha mwisho wa sloti kilichosahaulika kikiwa kimefungwa, au bamba la chuma la kadi linalogonga ukingo wa kasha. Fungua kibanio, toa kifuniko cha nyuma, shusha kadi wima, ubonyeze pande zote mbili kwa nguvu sawa. Usiisukume kwa kuitikisa.

Chanzo cha pili ni kasha dogo. Kwenye OptiPlex au EliteDesk za kasha jembamba, kadi ya kimo cha kawaida haiingii hata kidogo. Unahitaji kadi fupi yenye bamba fupi la takriban sentimita 8. Kadi nyingi za aina hiyo huuzwa na mabamba mawili kwenye boksi, lakini za mtumba mara nyingi zimeshapoteza moja. Uliza bamba kabla ya kulipa. Pima pia unene, maana kadi ya sloti mbili inaweza kugonga pawa saplai au kuziba matundu ya SATA, yale ya nyaya za diski.

Chanzo cha tatu ni kwamba sloti yenyewe si PCI Express. Kompyuta nyingi za kabla ya 2004 zina AGP, sloti ya kadi za michoro ya kizazi cha awali, ambayo kwa kawaida ni ya rangi ya kahawia na imekaa mbali kidogo na ukuta wa nyuma wa kasha kuliko sloti nyeupe za PCI. Kadi ya PCI Express haiwezi kuingia humo, wala hakuna kiunganishi cha kuibadilisha. Kinachowezekana ni kutafuta kadi ya AGP iliyotumika, na hapo kuna hatari ambayo watu wameisahau kwa sababu teknolojia imezeeka.

AGP ya kwanza ilitumia volti 3.3. AGP 4x ikaja na volti 1.5, na AGP 8x ya 2002 ikateremsha mawimbi yake hadi volti 0.8. Mikato kwenye meno ya kadi ndiyo inayotofautisha: mkato ulio karibu na bamba la chuma ni wa volti 3.3, ulio mbali zaidi ni wa 1.5, na kadi yenye mikato yote miwili inapaswa kukubali zote. Shida ni kwamba baadhi ya kadi za zamani zilikatwa mikato miwili ilhali zinatumia 3.3 tu. Ukiiweka kadi kama hiyo kwenye ubao wenye chipu za Intel 845, ambazo zinakubali 1.5 pekee, unaweza kuunguza ubao mara tu unapowasha. Soma namba ya modeli ya kadi na uhakikishe inakubali 4x au 8x. Usiamini mikato peke yake, na kamwe usikate plastiki ya sloti ili kadi iingie.

Radeon HD 3850 na HD 4670 zilikuwa miongoni mwa kadi za mwisho zenye nguvu kutengenezwa kwa AGP. Kwa kweli, kwa mashine ya umri huo, bei ya kadi nzuri ya AGP ni afadhali iwe sehemu ya bei ya kompyuta nyingine.

Dalili: feni zinazunguka, skrini nyeusi

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na mara nyingi kadi ni nzima. Fuata mpangilio huu, maana kila hatua ni rahisi kuliko inayofuata.

*Waya wa monita uko mahali pabaya.* Ukishaweka kadi, ubao mwingi huzima matundu yake wenyewe ya picha. Hamishia waya kwenye kadi. Kinyume chake pia hutokea: BIOS imelazimishwa kutumia picha ya ndani. Basi rudisha waya kwenye ubao, ingia BIOS (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo) na uweke chaguo la picha ya kwanza kuwa "Auto" au kadi ya sloti.

*Kadi haijakaa sawasawa.* Itoe, futa meno yake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke, irudishe. Puliza vumbi kwenye sloti, hasa mashine iliyokaa miaka kadhaa kwenye stoo. Usiingize bisibisi wala pini ndani ya sloti.

*Waya wa umeme wa kadi haujachomekwa.* Kadi yenye tundu la pini 6 au 8 juu yake kwa kawaida haitoi picha, au hutoa onyo tu kwenye skrini, bila waya huo, hata kama feni yake inazunguka.

*Kibadilishi cha VGA hakifai.* Hiki kinawasumbua sana wenye monita za zamani za VGA, zinazopokea picha ya analogi tu. Kadi ya Nvidia GTX 750 Ti na nyingi za umri wake zina tundu la DVI ambayo bado inatoa picha ya analogi, hivyo kile kibadilishi kidogo cha plastiki cha DVI kwenda VGA kinatosha. Kuanzia GTX za mfululizo wa 10, na Radeon za AMD za RX 400, analogi imeondolewa. Tazama tundu la DVI: kama ule mkato mrefu umezungukwa na matundu manne madogo, analogi ina nafasi. Kama hayapo, kibadilishi hicho hakitaleta kitu. Nunua kibadilishi chenye chipu ndani yake cha HDMI kwenda VGA au DisplayPort kwenda VGA. Usitoboe wala kukata pini za kibadilishi ili kiingie. Kitaingia, ila picha haitakuja.

*BIOS na kadi hazielewani.* Hapa mabadiliko ya viwango ndiyo yanayobana hasa. Kadi hubeba programu ndogo ya kujiamsha. Ya zamani ni ya BIOS ya kawaida, ya kisasa ni ya UEFI, mrithi wa BIOS, na inaitwa GOP. Kadi nyingi za kabla ya 2012 hazina GOP, na ukiwasha Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zilizothibitishwa tu) au kufunga hali ya zamani ya BIOS, ubao unazipuuza. Kwa upande mwingine, kadi kama Intel Arc zinataka UEFI, na BIOS ya zamani haiwezi kuziamsha.

Tiba: toa kadi, washa kwa picha ya ndani, sasisha BIOS kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa kompyuta, kisha rekebisha. Kwa kadi ya zamani, zima Secure Boot na uwashe "Enable Legacy Option ROMs" kwenye Dell, au CSM (hali hiyo hiyo ya zamani) kwenye bodi nyingine. Kwa kadi mpya, badili uanzishaji uwe UEFI. Lakini angalia: kama Windows iliwekwa kwa hali ya zamani, kubadili tu kutaifanya isiwake. Nakili kwanza data zako, kisha kwenye Windows 10 fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Ikikubali, andika `mbr2gpt /convert /allowFullOS`, halafu ndipo ubadilishe BIOS.

Usisasishe BIOS siku umeme unapokatika-katika bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao unaweza usiwake tena, na kuuhuisha kunahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu.

*Mipangilio imeganda.* Chomoa umeme, toa betri ya CR2032, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10, subiri dakika 5, rudisha. Pima betri kwa mita. Ikiwa chini ya volti 2.8, weka mpya, maana BIOS inayosahau mipangilio kila asubuhi itakurudisha mwanzo.

*Ubao ni wa PCI Express ya toleo la kwanza kabisa.* Bodi za 2004 hadi 2006 wakati mwingine hukataa kadi za toleo la 2.0 au 3.0, ingawa kwa kanuni zinapaswa kuelewana. Kama hakuna BIOS mpya, tafuta kadi ya umri unaokaribiana na ubao. Usiendelee kununua kadi moja baada ya nyingine.

Sikiliza pia milio. HP Compaq za enzi ya 8200 na 8300 zikilia mara 6 huku taa nyekundu ikimweka mara 6, zinalalamikia picha. Zikilia 5, ni ramu, na mara nyingi kijiti cha ramu kimelegea wakati mkono ukihangaika na kadi. Kitoe na ukirudishe.

Dalili: haiwaki kabisa, au inazima mchezo ukianza

Anza na swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai, kama ipo. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115. Umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240. Ukiichomeka hivyo, pawa saplai inapasuka. Hakikisha inasoma 230 kabla ya kuchomeka, na kama imeshapasuka, usijaribu kuiwasha tena.

Kisha fanya hesabu. Sloti ya x16 inatoa mpaka wati 75. Waya wa pini 6 unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Chukua OptiPlex 7010 ya kasha kubwa yenye pawa saplai ya wati 275 na prosesa ya i5-3470 ya wati 77. Weka wati 50 za ubao, ramu, diski na feni. GT 1030 inakula 30, GTX 750 Ti inakula 60, GTX 1050 Ti isiyo na tundu la umeme inakula 75: jumla inafika kama 200, na hapo kuna nafasi ya kupumua. GTX 1060 ya wati 120 inakupeleka karibu 250, kwenye pawa saplai ambayo imeshafanya kazi miaka zaidi ya 10. Hiyo itazima mchezo ukipamba moto. Kumbuka pia kwamba baadhi ya kasha ndogo zina sloti ambayo mtengenezaji ameiwekea kikomo cha chini ya wati 75. Soma kitabu cha modeli yako.

GTX 1650 inawachanganya wengi: kuna zilizo na tundu la pini 6 na zisizo nalo, jina lile lile. Tazama picha ya juu ya kadi kabla ya kulipa.

Kama pawa saplai haina waya wa pini 6, utauziwa kiunganishi cha SATA kwenda pini 6. Kikatae. Plagi moja ya SATA imeundwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, na kadi inaweza kudai 75. Plastiki inayeyuka taratibu, halafu inaungua.

Kubadili pawa saplai nzima si rahisi kama inavyosemwa. OptiPlex 7010 ya kasha kubwa inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai ya ATX inaingia. OptiPlex 9020 inatumia plagi kuu ya pini 8 ya Dell, na EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6 ya HP. Hizo zinahitaji kiunganishi maalumu cha modeli hiyo, na umbo la pawa saplai lenyewe linaweza lisikae kwenye kasha. Na kwa mashine za Dell za mwisho wa miaka ya 1990, plagi inafanana na ya ATX lakini nyaya zimepangwa tofauti. Ukichomeka pawa saplai ya kawaida humo, unaua ubao na pawa saplai kwa pamoja.

Usifungue pawa saplai kwa sababu yoyote. Kapasita kuu ndani yake hubeba volti zaidi ya 300 na huweza kubaki na umeme baada ya kuchomoa waya. Hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki.

Dalili: picha ipo, lakini kasi haipo

Pakua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, na usome mstari wa "Bus Interface". Bonyeza alama ya kuuliza pembeni yake na uanzishe jaribio la kuchora, kwa sababu kadi ikipumzika hushusha kasi ya sloti yenyewe na utaona "1.1" bila kosa lolote.

Kama inasoma x4 kwenye kadi ya x16, huenda umeiweka kwenye sloti isiyo yake. OptiPlex 7010 ya kasha kubwa ina sloti mbili ndefu: ya buluu ina njia 16, nyeusi ina njia 4 tu za toleo la 2.0. Kadi ikae kwenye buluu.

Kama kadi yenyewe ina njia 4 tu, hakuna cha kuhamisha. RX 6400 ya AMD ni fupi, inakula wati 53, haihitaji waya wa ziada, na kwa sababu hizo inaonekana imeumbwa kwa mashine hizi. Lakini ni ya PCI Express 4.0 yenye njia 4. Kwenye 4.0 inapitisha kama gigabaiti 8 kwa sekunde, kwenye 3.0 inabaki 4, kwenye 2.0 inabaki 2. Na toleo haliamuliwi na ubao peke yake: i5-3470 inatoa 3.0, ilhali i3-3220, ambayo inakaa kwenye soketi ile ile ya ubao ule ule, inaishia 2.0. Michezo inayojaza kumbukumbu ya kadi ndiyo inayoumia zaidi, maana data inalazimika kwenda na kurudi kupitia njia hizo finyu. Kabla ya kuilaumu kadi, punguza ubora wa picha za nyuso za vitu mpaka kumbukumbu isijae. Kama unarekodi video, jua pia kwamba RX 6400 haina sehemu ya kukandamiza video. Prosesa ndiyo itakayobeba mzigo.

Intel Arc inataka Resizable BAR, yaani prosesa iweze kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, na Intel wanapendekeza prosesa za kizazi cha 10 kwenda juu. Bila hiyo inapoteza kasi nyingi. Usiinunue kwa ajili ya mashine ya 2012, hata ikiwa bei inavutia.

Kwa GT 1030, uliza aina ya kumbukumbu. Ya GDDR5 inapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Ya DDR4, iliyotoka 2018 kwa jina lile lile, inapitisha 16.8. Na kama GPU-Z inaandika neno "FAKE" mbele ya jina, kadi ni ya zamani iliyoandikwa upya ili ijitambulishe kwa jina la mpya. Irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Dalili: Windows inaiona kadi, lakini inakataa

Picha iliyokwama kwenye 1024 kwa 768 karibu daima ni draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Ondoa ya zamani kwa Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye hali salama, washa upya, weka ya tovuti ya mtengenezaji wa chipu. Kama Windows ni ya biti 32, Nvidia waliishia mfululizo wa draiva 390. Kwa Windows 7 waliishia 470. Kadi mpya kuliko hapo haitapata draiva, hata uhangaike vipi.

Kosa la 12 kwenye Device Manager lina maana kwamba nafasi ya anwani za kumbukumbu haitoshi. Hamia Windows ya biti 64, na kama BIOS ina "Above 4G Decoding", iwashe. Kosa la 43 linaweza kuwa draiva, linaweza kuwa kadi ya bandia, linaweza kuwa kadi mbovu. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kosa likiifuata huko, fundi wa kubadili chipu ndiye pekee wa kuangalia, na kwa kadi ya bei ndogo gharama yake haina maana.

Acha hapo hapo ukiona haya

Harufu ya plastiki au ya kuungua, moshi, cheche, plagi iliyogeuka rangi ya kahawia, kapasita zilizovimba kwenye ubao, au kasha linalokupiga shoti ukiligusa. Chomoa ukutani, usiwashe "kujaribu mara moja tu". Ukipigwa shoti na kasha, mwite fundi umeme apime waya wa ardhi wa nyumba kabla ya fundi kompyuta kuigusa mashine. Ukiona kapasita zimevimba, peleka ubao kwa fundi ukiwa na kadi mkononi, ila isiwe ndani ya sloti.